Bomba kuu likibadilishwa: kutoka chini ya barabara hadi kwenye koki yako

Kipande cha bomba kuukuu la chuma cha kusubu kikitolewa ardhini hudanganya macho. Umbo ni lile lile, unene ni ule ule, na ukikigonga unategemea mlio wa chuma. Kinatoka kishindo butu, kama umegonga gogo lenye unyevu. Chukua kisu cha kawaida ukwangue: ncha inazama, na vidoleni unabaki unga mweusi laini kama wa penseli iliyochongwa. Chuma chenyewe kimeshaliwa na unyevu na chumvi za udongo kwa miongo mingi. Kilichobaki ni grafaiti iliyoshikilia umbo la bomba. Litaendelea kubeba maji hivyo hivyo kwa miaka, mpaka lori zito lipite juu yake au presha ipande ghafla usiku, ndipo linapasuka kwa mstari ulionyooka kama limekatwa kwa msumeno.

Ndani nako kuna jambo jingine. Vinundu vya kutu huota ukutani na kulibana bomba mwaka hadi mwaka. Bomba la milimita 150 likibanwa likabaki na uwazi wa milimita 100, maji yanayopita kwa msukumo ule ule yanakuwa kama theluthi tu ya yale ya mwanzo, na hapo bado hatujahesabu ukwaru wa kuta. Nyumba za mwisho wa laini ndizo zinazoumia: asubuhi koki inatoa uzi, saa nane usiku inajaa. Baadhi ya watu hufunga pampu ya kuvuta moja kwa moja kutoka bomba kuu. Pampu hiyo hushusha presha ya majirani hata chini ya sifuri, na bomba lenye nyufa likikosa presha hunyonya maji machafu yaliyo udongoni. Maumivu yanahama nyumba moja kwenda nyingine, pamoja na vijidudu.

Uvujaji nao hauonekani ukubwa wake mpaka uupigie hesabu. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya bar 5 humwaga zaidi ya lita 11,000 kwa siku, mchana na usiku, na mara nyingi maji hayo hayajitokezi juu kwa sababu yamepata njia ya kuingia kwenye mfereji wa maji taka au changarawe iliyo chini ya barabara.

Wakazi huambiwa kwamba bomba linabadilishwa kwa kuwa ni la zamani. Umri peke yake hausemi mengi. Mabomba ya chuma yaliyolazwa kwa ajili ya kasri la Versailles, Ufaransa, katika miaka ya 1660 yalitumika kwa zaidi ya miaka 300, ilhali yapo mabomba yaliyokufa kabla ya kutimiza 30 kwa sababu ya udongo mkali au uungaji mbaya. Kinachopaswa kupanga foleni ni idadi ya mipasuko kwenye kipande kile kile, aina ya bomba, aina ya udongo, na nani anategemea laini hiyo. Laini inayolisha hospitali na imepasuka mara tatu mwaka huu itangulie ile ya mtaa tulivu hata kama ya mtaa ni kongwe zaidi.

Kabla ya mtaro kuchimbwa

Kazi ya kwanza ni kutafuta valvu, yaani koki kubwa za kufungia maji ya bomba kuu. Ramani inaonyesha valvu kwenye njia panda. Ukifika, imefunikwa na tabaka mbili za lami. Ukiipata, huenda haijazungushwa kwa miaka 20, na ukiilazimisha mhimili unakatika mkononi. Mafundi wana kanuni ya kidole gumba: mizunguko ya kufunga valvu ya lango ni mara tatu ya kipenyo chake kwa inchi, ukiongeza miwili au mitatu. Valvu ya inchi 8, yaani milimita 200, inataka mizunguko kama 26. Ikigoma kwenye wa 15 haijafunga. Kuna mchanga na kutu kwenye kikalio chake. Irudishe mizunguko michache, acha maji yaoshe, kisha funga tena, na urudie hivyo mpaka hesabu itimie. Na uliza kwanza inafungia upande gani, kwa maana ziko zinazofungwa kinyume.

Ifungwe polepole. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa kwa ghafla ndani ya bomba la chuma hupandisha presha kwa takriban bar 10 juu ya iliyokuwepo. Ndiyo sababu siku ya kufunga maji kwa ajili ya bomba jipya mara nyingi ndiyo siku bomba la zamani linapasuka mtaa wa tatu kutoka hapo, na wakazi wasiohusika kabisa wanakauka.

Valvu ambayo haifungi inagusa maisha ya watu moja kwa moja. Eneo la kukatiwa maji linasogea hadi valvu inayofuata, na nyumba 40 zilizopewa taarifa zinakuwa 150, zaidi ya 100 kati yake hazikuambiwa lolote. Kujaribu valvu zote wiki kadhaa kabla, na kubadilisha zilizokufa, ni kazi ya siku chache tu. Kuiruka naona ni kuwakosea watu heshima.

Baada ya valvu, hesabu laini za nyumba. Pita mlango kwa mlango, usitegemee kumbukumbu za ofisini. Kuna nyumba zenye laini mbili, kuna nyumba inayolishwa kutoka uchochoro wa nyuma, kuna mlango mmoja wenye familia sita nyuma yake. Laini iliyosahaulika hujulikana siku bomba la zamani linapofungwa moja kwa moja, pale mtu mmoja anapoamka hana maji na majirani wote wanayo. Pale ambapo nyaya za umeme, simu au bomba la gesi linakatiza, chimba shimo la majaribio kwa mikono. Mashine ya kuchimba haina hisia ya kinachokwaruza jino lake.

Taarifa kwa wakazi iseme tarehe, saa ya kufunga, saa ya kufungua, nyumba zinazohusika na mahali pa kupata maji ya muda. Kazi ikikadiriwa saa 8, iandikwe saa 12. Mtu aliyejiandaa kwa saa 12 akapata maji kwenye ya 9 anashukuru. Aliyeahidiwa saa 8 akakaa 12 akiwa na mtoto mchanga au mgonjwa hatakuamini tena, na ana haki.

Mtaro au kupasua

Njia ya kawaida ni mtaro wazi. Upana ni kipenyo cha nje cha bomba ukiongeza milimita 300 hadi 400, ili mtu aweze kushindilia pembeni. Chini unatandika mchanga wa milimita 100 hadi 150 usio na mawe, kwa sababu jiwe moja lenye ncha chini ya bomba la plastiki hufanya kazi kama patasi kila gari linapopita. Juu ya bomba kubaki kama mita 1 ya udongo, zaidi kidogo chini ya barabara. Mtaro ukifika mita 1.5 kwenda chini, kuta zishikiliwe kwa mbao au vyuma. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukuta ukiporomoka haumpi mtu nafasi ya kuruka. Hilo halina mjadala wala udharura.

Karibu na mfereji wa maji taka, bomba la maji safi likae mbali kwa mita 3 likienda sambamba; likilazimika kukatiza, lipite juu yake kwa angalau milimita 450.

Kuna njia ya kupasua: kichwa cha chuma kinavutwa ndani ya bomba kuukuu, kinalivunja na kusukuma vipande pembeni, na nyuma yake kinaburuta bomba jipya. Ilianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mabomba ya gesi. Barabara haichimbwi yote, na bomba jipya linaweza kuwa nene kuliko la mwanzo. Lakini kila laini ya nyumba bado inahitaji shimo lake. Kwenye mtaa wenye nyumba zilizobanana, ukishachimba shimo kila baada ya mita tano, faida inayeyuka. Na bomba lililotibiwa mara nyingi lina klampu za chuma za kuzibia; kichwa kikigonga klampu ya chuma cha pua kinakwama, na inabidi kuchimba dharura katikati ya barabara uliyoahidi kutoigusa.

Kama la zamani ni la saruji ya asbesto, lisikatwe kwa msumeno wa mashine likiwa kavu. Hatari kubwa ipo kwenye vumbi. Likatwe likiwa limelowa, kwa kikata cha mnyororo kisichotoa vumbi, vipande vifungwe kwenye mifuko, na watoto wasiachwe kuchezea mabaki.

Maungio

Bomba lenyewe hutoka kiwandani likiwa zima. Linapovuja, mara nyingi ni kwenye maungio.

Mabomba meusi ya polithini, yale ya HDPE, huunganishwa kwa moto. Ncha mbili zinabanwa kwenye mashine, zinarandwa mpaka utepe mzima wa plastiki utoke bila kukatika, zinagusanishwa kuona kama zimelingana, kisha bamba la nyuzi joto 200 hadi 230 linawekwa kati. Pande zote mbili zikitoa mdomo uliovimba sawasawa, bamba linatolewa haraka na ncha zinasukumwa pamoja. Halafu inakuja sehemu inayowashinda wengi, kusubiri. Ungio lipoe likiwa limebanwa, kwa muda wote ulioandikwa kwenye jedwali la bomba hilo. Kumwagia maji ili lipoe haraka, au kufungua vibano dakika tano mapema kwa sababu jua linazama, kunazaa ungio ambalo kwa macho ni zuri na ndani halijashikana. Linapita jaribio la leo, linaachia baada ya miezi.

Kwa viungio vya HDPE vinavyoyeyushwa kwa umeme, kosa kuu ni kutokwangua. Plastiki ya juu iliyopigwa na jua na hewa haishikani. Inabidi kuondoa ngozi ya kama milimita 0.2 pande zote, kisha kufuta kwa spiriti safi na kutoshika tena kwa mkono. Msasa hautoshi, unasugua tu uchafu uzame. Chora mistari kwa kalamu kabla ya kukwangua: pale mstari uliposalia, hujakwangua.

Na plastiki hutembea. Mita 100 za HDPE zilizoungwa mchana wa jua, zikipoa kwa nyuzi 20 usiku, hufupika kwa sentimita 30 hadi 40. Ukiunga ncha zote mbili saa nane mchana, asubuhi utakuta valvu imevutwa au kiungio kimechomoka. Lilaze, lifunike kwa udongo kidogo, liache lipoe, kisha unga ncha ya mwisho asubuhi.

Mabomba ya plastiki ya PVC na ya chuma yenye soketi za mpira yana shida tofauti: maungio yake yakivutwa huchomoka. Kila penye kona, maji yanasukuma elbo nje. Kwenye elbo ya nyuzi 90 ya bomba la milimita 300 lenye presha ya bar 10, msukumo huo ni kama tani 10. Nyuma ya kona hiyo lazima pawe na zege lililoegemea udongo ambao haujachimbwa, na zege hilo lipewe siku za kukomaa kabla ya kupandisha presha. Zege lililoegemea kifusi halishiki kitu, litasogea pamoja nacho.

Siku ambazo hakuna anayezielewa

Mtaro umefukiwa, mafundi wanaonekana wamekaa, na koki bado zinalishwa na bomba bovu. Malalamiko huwa makali kipindi hiki, na wanaolalamika hawajaelezwa kinachoendelea ardhini.

Kwanza bomba linajazwa taratibu kutoka upande wa chini, valvu za hewa zikiwa wazi. Kisha linapandishwa presha, kwa kawaida mara 1.5 ya ile litakayofanyia kazi, na kuangaliwa kama inashuka. HDPE ina tabia ya kutanuka kidogo kidogo, kwa hiyo presha hushuka hata pasipo kuvuja; asiyejua hilo atachimbua maungio mazima. Hewa iliyobaki ndani nayo huvuruga vipimo, kwa sababu inabanwa kama springi.

Kisha klorini. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 25 kwa lita, ikae saa 24, na mwisho wake ibaki angalau 10. Chukua mita 100 za bomba la milimita 200: ndani mnaingia lita 3,140 hivi. Hiyo inahitaji gramu 79 za klorini, na kwa unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 ni kama gramu 120. Ndiyo, gramu 120 tu. Tatizo haliwi kiasi. Linakuwa kwamba bomba lilikaa mtaroni siku tatu mdomo wazi, tope na panya wakaingia, na klorini haipenyi tope. Kila jioni mdomo wa bomba uzibwe kwa kifuniko halisi. Mfuko wa saruji uliosokotwa sio kifuniko.

Baada ya hapo ni kusukutua. Ili mchanga utoke, maji yaende karibu mita 0.9 kwa sekunde, ambayo kwa bomba la milimita 200 ni lita 28 kila sekunde. Koki ya kawaida hutoa kama lita 0.2. Kusukutua bomba kuu kupitia koki ya mtu ni kumpelekea taka zako, kwa hiyo mdomo mkubwa wa kutolea maji ya kusafishia ujengwe kwenye ncha tangu mwanzo. Maji hayo yenye klorini kali yasielekezwe kwenye mto wenye samaki kabla ya kupunguzwa makali.

Mwisho ni sampuli mbili za maji, moja leo na nyingine baada ya saa 24, na kila moja hukaa maabara karibu siku nzima kuotesha vijidudu. Jumlisha yote: siku nne au tano bila mtu kushika sepetu. Bango moja mtaani lenye maelezo haya lingetuliza ugomvi mwingi.

Laini ya kwenda nyumbani

Bomba kuu jipya likiungwa kwenye laini ya zamani ya nyumba, mkazi anapata maji yale yale aliyokuwa nayo. Na kama laini hiyo ni ya risasi, metali yenye sumu, anaweza kupata mabaya zaidi. Flint, huko Michigan nchini Marekani, ilibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia kutu. Utando uliokuwa ukizuia risasi ulibomoka na sumu ikaingia majikoni. Kukata nusu ya laini ya risasi na kuunga plastiki kunatikisa utando huo huo. Laini ya risasi itolewe yote, kutoka barabarani hadi mlangoni. Ikishatolewa, fungua koki zote za maji baridi kwa angalau dakika 30, vichujio vya midomoni vikiwa vimetolewa. Kuchemsha hakuondoi risasi: maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki.

Jambo jingine husahaulika hata na wataalamu. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ethi wa umeme umefungwa kwenye bomba la chuma la maji. Siku bomba hilo linapokuwa plastiki, nyumba inapoteza ethi yake bila taa hata moja kuzimika. Hitilafu itakayotokea kwenye jiko au pampu haitakuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa mwili wa mtu. Fundi umeme aangalie kabla ya kubadilisha laini, na kama hakuna fimbo ya ethi, ipigwe.

Presha nayo itapanda. Nyumba iliyozoea bar 1 ikapata 5, mipira ya zamani ya choo, boya la tangi na viungio vya jikoni huanza kutema. Wengi husema bomba jipya limewaharibia nyumba. Ukweli ni kwamba udhaifu ulikuwepo na presha ndogo iliuficha. Ikizidi bar 5, funga valvu ya kupunguza presha baada ya mita. Kisha funga koki zote uangalie mita: ikizunguka, kuna tundu upande wako.

Maji yakikatwa, maji yakirudi

Weka angalau lita 20 kwa kila mtu kwa kila siku, kwenye vyombo vyenye mfuniko, na ya vyoo yakae peke yake. Zima hita ya maji. Tangi lake likirudisha maji nyuma na umeme ukiwa umewaka, koili inaungua. Ondoa mpira wa bustani kwenye pipa au beseni, kwa sababu bomba kuu likimwagwa hunyonya kutoka kila mdomo ulio wazi. Piga picha ya mita kabla ya kukatwa, na ikibadilishwa, piga picha ya namba ya mwisho ya ile ya zamani na ya kwanza ya ile mpya. Hewa inayotangulia maji huzungusha mita pia, na bila picha huna hoja.

Yakirudi, anza na koki ya nje iliyo chini kabisa, ya maji baridi, ifunguliwe kidogo ili hewa itoke. Maji ya kahawia ni kutu na manganizi iliyotikiswa na mabadiliko ya mkondo. Kwa kawaida husafika baada ya dakika 10 hadi 20. Usijaze tangi, usifue nguo nyeupe, wala usifungue maji ya moto kabla hayajawa meupe. Nguo ikishapata doa la kutu usitie dawa ya kung'arisha yenye klorini, italigandisha. Kama bomba lilipasuka au presha iliisha kabisa, maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja, au tatu kama mnaishi juu ya mita 2,000, mpaka itangazwe kuwa ni salama. Rangi ya kahawia ikiendelea zaidi ya siku moja, toa taarifa, kwa sababu huenda kuna valvu iliyoachwa nusu wazi au ncha isiyosukutuliwa.

Mtaro nao haujamalizika. Udongo ulioshindiliwa kwa tabaka za milimita 150 hadi 200 hukaa. Uliomwagwa wote mara moja na kukanyagwa juu na gurudumu la mashine utatitia baada ya mvua za kwanza, na shimo litaonekana mbele ya geti la mtu. Milimita 300 juu ya bomba iwekwe tepu ya onyo, na kama ni plastiki, waya wa shaba ulazwe sambamba nalo, kwa maana kifaa cha kutafuta mabomba hakisikii plastiki. Bomba la zamani linaloachwa ardhini lizibwe ncha zote, na likiwa kubwa lijazwe mchanganyiko mwepesi wa saruji lisije kuwa handaki la maji chini ya barabara. Na kabla valvu mpya haijafukiwa, pima umbali wake kutoka kona mbili za majengo yasiyohama, andika kwa sentimita, andika idadi ya mizunguko na upande inaofungia. Karatasi hiyo ipelekwe ofisini siku hiyo hiyo, tope likiwa bado kwenye viatu.